Mitende ya Madina, kupe wa Ngorongoro

 

Ndugu msomaji, Ijumaa ile ilinikuta Karatu. Nilikuwa nimekwenda kwa posa ya mtoto wa ndugu yangu, na kama ilivyo kwa wengi wetu tunaoishi mijini, Karatu nilikuwa naijua kwa kupita tu: mji wa barabarani, hoteli na vituo vya mafuta, magari ya watalii yakipumzika kidogo kabla ya kupandisha lango la Loduare kuelekea kreta. Khatibu wa siku hiyo hakuwa na maneno mengi. Aliitaja hadithi ya mitende, akaieleza, akashuka mimbari. Kilichonifanya niandike makala haya ni yale yaliyofuata baada ya swala, barazani, tulipokaa kunywa chai.

Alikuwepo mkulima wa ngwara, kijana anayenunua vitunguu Mang'ola na kuvipeleka Dar es Salaam, mwalimu mstaafu, na mzee mmoja wa Kimasai aliyesilimu miaka mingi iliyopita, mwenyeji wa upande wa Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mzee huyu alisikiliza kwanza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelijibu: ikiwa Mtume mwenyewe (s.a.w.) aliwaachia wakulima mambo ya mitende yao, mbona sisi hatujawahi kuulizwa mambo ya nyasi zetu?

Hadithi yenyewe imo katika Sahihi Muslim, na wengi tumeisikia. Mtume (s.a.w.) aliwaona watu wa Madina wakichukua chavua ya mtende dume na kuitia kwenye mtende jike. Akasema hadhani kama jambo hilo linasaidia kitu. Wakaacha. Mwaka ule tende zikaharibika. Alipoelezwa, hakuwalaumu wala hakuwatetea wale waliofuata kauli yake bila kuuliza. Aliwabainishia kwamba ile ilikuwa dhana yake tu, na kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao.

Kila mara hadithi hii inaposomwa, tunaitumia kujibu hoja za wanaosema Uislamu unapingana na sayansi. Sawa. Lakini tunasahau kuuliza: mtaalamu katika hadithi hii ni nani? Si mtu aliyetoka mbali akiwa na barua ya utambulisho. Ni mkulima aliyepanda juu ya mtende, mikono imejaa miiba. Na kiongozi ni kiumbe bora kuliko wote, anayepokea wahyi, lakini anakubali mbele ya watu kwamba katika hili mkulima anajua zaidi. Viongozi wangapi wa leo, hata wa mtaa, wanaweza kulisema hilo?

Sasa tuitazame Ngorongoro.

Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitaka kuigawa upya Hifadhi ya Serengeti. Kelele zikapigwa, hasa nje ya nchi. Akaletwa Profesa W. H. Pearsall wa chuo kikuu huko London, mtaalamu wa mimea, akapita na kuandika ripoti iliyotoka 1957. Mwaka huohuo ikaundwa kamati ya uchunguzi chini ya Sir Barclay Nihill. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai wakatia alama kwenye karatasi ya kukubali kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 ikazaliwa Hifadhi ya Ngorongoro, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,300, ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Hapana shaka kwa zama zile huo ulikuwa ushauri wa kisayansi ulio bora kuliko mwingi. Angalau mtaalamu aliletwa kabla ya mpaka kuchorwa.

Lakini baada ya hapo kilichoendelea ni amri juu ya amri. Mwaka 1974 watu waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika hifadhi yote, mwaka 1992 kikaruhusiwa, mwaka 2009 kikakatazwa tena. Ukiwa mama wa Nainokanoka mwenye bustani ya viazi nyuma ya boma, utafahamu vipi kwamba sayansi ndiyo iliyoamua, ilhali sayansi hiyo inabadilika kila anapobadilika mkubwa?

Na hapa ndipo penye habari ya kupe, ambayo yule mzee aliieleza kwa utulivu, kama anayesimulia ya jirani.

Wamasai tangu zamani walikuwa wakichoma nyasi kavu ili zichipue mpya. Moto huo ulikuwa na kazi ya pili: kuua kupe. Walipotolewa kreta, moto nao ukazimwa. Nyasi zikarefuka, zikakomaa. Miaka ikapita, hakuna aliyeona tatizo, na watalii waliendelea kupiga picha. Kisha ukaja ukame wa mwaka 2000, na katika mwaka huo na uliofuata nyati wakafa kwa wingi ndani ya kreta, wakafa nyumbu na pundamilia, wakafa simba, hata faru, ambao kule ni wa kuhesabu mmoja mmoja. Watafiti walipochunguza wakakuta kupe wengi mno na maradhi yanayoenezwa na kupe. Dawa iliyopendekezwa ni ipi? Kuchoma nyasi kwa utaratibu, eneo kwa eneo. Zikachomwa. Kupe wakapungua.

Yaani ilichukua zaidi ya robo karne kwa ofisi kujifunza kilichojulikana bomani. Nasema ofisi, sisemi sayansi, kwa sababu sayansi ndiyo iliyokuja kumpa haki mchungaji. Watafiti walipopima, walipata jibu lilelile. Kosa halikuwa la kipimo. Kosa lilikuwa kwamba amri ilitangulia na kipimo kikafuata, mizoga ikiwa imeshalala uwandani.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila la mzee ni sahihi na kila la profesa ni ubatili. Moto huohuo ukipanda juu ukaingia katika msitu wa nyanda za juu, Karatu yote itaumia, kwa sababu chemchemi nyingi zinazonyweshea mji na mashamba yake zinatokana na msitu ule. Mkulima wa ngwara alilisema hilo palepale, kwa ukali kidogo. Wapi pachomwe, lini, upepo ukiwa unaelekea wapi: hayo yanataka kipimo, na kipimo kinataka mtu aliyesoma. Elimu mbili zikae mkeka mmoja. Basi.

Upo mfano mwingine mzuri zaidi, nao unaonyesha jinsi ushauri sahihi wa kitaalamu unavyoweza kumletea hasara asiyehusishwa. Wamasai walijua tangu zamani kwamba nyumbu wanapozaa, ng'ombe wasikaribie malisho yale, wakikaribia watakufa. Wao walidai sababu ni kondo la nyuma na manyoya ya ndama. Mwaka 1960 Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Muguga, Kenya, akakipata kirusi chenyewe kutoka kwa nyumbu, na ikaja kubainika kwamba ndama wachanga ndio wanaokieneza, kwa majimaji ya pua na macho. Wafugaji walikuwa wamepatia muda, mahali na mnyama. Mtafiti akaongeza njia. Hivyo ndivyo elimu inavyokamilishana.

Mtu huyohuyo ndiye aliyetengeneza chanjo bora ya sotoka, ugonjwa uliomaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Ng'ombe walipochanjwa, sotoka ikatoweka hata kwa wanyamapori, kwa sababu walikuwa wakiambukizwa na ng'ombe. Nyumbu wa Serengeti, waliokadiriwa kiasi cha laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakavuka milioni moja katika miaka ya 1970. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa kabisa. Alhamdulillah, ni neema kubwa. Lakini nyumbu walipoongezeka, na ule ugonjwa wao ukaongezeka, na mfugaji akasukumwa kutoka kwenye malisho mafupi ya tambarare ya masika, akabaki na ng'ombe wake kwenye nyanda za juu zenye kupe na ndigana kali. Aliyepeleka ng'ombe wake wachanjwe ndiye aliyepoteza malisho. Je, kuna mshauri yeyote aliyekaa naye akamwambia haya yanakuja, tujiandae hivi?

Tuliporudi kwenye mazungumzo ya leo, mwalimu mstaafu alitukumbusha kwamba tusizungumze kama watoto. Mwaka 1959 hifadhini walikuwa watu wapatao elfu nane. Miaka ya karibuni wamepindukia laki moja, na ardhi haijaongezeka hata hatua. Wataalamu wanaosema eneo limeelemewa hawasemi uongo. Ni kweli. Mzee wa Endulen hakubisha. Alisema tu kwamba alipoanza kusikia habari ya kuhamia Msomera, kule Handeni, zoezi lililoanza mwaka 2022, alisikia kwanza magari na baadaye ndiyo akasikia hoja. Huduma nazo, alisema, zilianza kupungua kabla mtu hajaulizwa kama anakwenda au anabaki.

Mwezi Agosti 2024 watu wa Ngorongoro walijitokeza kwa maelfu barabarani. Mwezi Desemba mwaka huo Rais Samia akakutana na viongozi wa Kimasai Arusha na kuahidi tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi na nyingine ya kuangalia zoezi la kuhama, na mwanzoni mwa 2025 tume hizo zikaanza kazi. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini hesabu miaka: watu wameanza kuhamishwa 2022, tume ya kuchunguza kuhama kwao imekuja 2025.

Ndugu zangu, huku kutanguliza uamuzi kisha kuutafutia mtaalamu ndiyo maradhi yetu. Na si Ngorongoro peke yake. Mwaka 2011, katika wilaya hiyohiyo, nchi nzima ilihamia Samunge kunywa kikombe. Mawaziri walikunywa. Waislamu walikunywa pia, tusijifiche, wengine wakiwa na tasbihi mkononi. Foleni za magari zilikwenda kilomita nyingi, watu walikufa njiani, wako walioacha dawa zao za hospitali. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu waliitwa kuupima ule mti wakati wakubwa wameshakunywa. Mtaalamu atakayesema hapana baada ya waziri kunywa ni yupi?

Tofautisha na Umar bin Khattab (r.a.). Tauni ya Amwas ilipoingia Sham, yeye akiwa njiani na jeshi lake, alisimama mahali panapoitwa Sargh. Akawaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kiquraishi, wakakubaliana kwamba arudi. Abu Ubayda (r.a.) akamhoji: je, unaikimbia qadar ya Allah? Umar akamjibu kwamba wanatoka katika qadar ya Allah kwenda katika qadar ya Allah, na akampigia mfano wa ngamia na bonde lenye pande mbili, moja kijani, moja kavu: ukilisha hapa ni kwa qadar, ukilisha pale ni kwa qadar. Mfano wa mchungaji! Yule mzee wa Kimasai alitabasamu khatibu alipoutaja.

Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Abdurrahman bin Awf (r.a.) hakuwepo katika mashauriano yale, alikuwa na haja zake. Akafika uamuzi umeshapita, akasema anayo elimu juu ya jambo hili kutoka kwa Mtume (s.a.w.): ukisikia tauni iko katika nchi usiingie, na ikikukuta humo usitoke kuikimbia. Hakuambiwa kikao kimefungwa. Umar alimhimidi Allah. Mwenye elimu iliyohitajika kuliko zote alikuwa nje ya kikao, na kikao kilikuwa na mlango.

Nchi yetu haina upungufu wa vyombo. Tangu 1968 lilikuwepo Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, UTAFITI. Mwaka 1985 ikatoka Sera ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ikaja kupitiwa upya 1996. Mwaka 1986 Bunge likatunga Sheria namba 7 iliyoanzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kazi yake kuu kisheria ni kuishauri serikali. Taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, ina sheria yake ya mwaka 1980 na makao yake yako Arusha. Mlango wa kisheria upo.

Kinachokosekana ni vitu viwili. Cha kwanza ni fedha. Januari 2007, wakuu wa Afrika walikutana Addis Ababa wakahimizana kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Nchi yetu, kama nyingi za bara hili, haijafika hapo. Matokeo yake utafiti mwingi wa Serengeti na Ngorongoro umegharimiwa na wageni, nao Allah awalipe kwa waliyofanya, lakini mwenye fedha ndiye anayechagua swali. Ndiyo maana tunajua mengi kuhusu simba wa kreta, mmoja mmoja kwa jina lake na ukoo wake, na hatujui kwa kiasi hicho habari za mtoto wa Endulen anayelala na njaa.

Cha pili ni haya ya Yusuf (a.s.). Rudi katika sura yake. Mfalme ameota, na kabla ya mtu mwingine anawauliza wakubwa walio karibu naye. Katika aya ya 44 wanamjibu kwamba hizo ni ndoto zilizovurugika tu. Wanakula chakula chake, wana vyeo, na hawana jibu, wala hawaoni tatizo katika kutokuwa nalo. Jibu liko jela. Yusuf analitoa bure, bila sharti: limeni miaka saba, acheni nafaka katika mashuke yake, mle kidogo. Lakini alipoitwa mbele ya mfalme, aya ya 50, alikataa kutoka mpaka kesi yake ichunguzwe na jina lake litakaswe. Elimu hakuiuza, na heshima yake hakuifanya kitu cha kupewa kama hisani. Mtaalamu wa aina hiyo hawezi kuletewa ripoti iliyokwisha kuandikwa ili aitie saini. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba anayetakwa ushauri ni mwenye kuaminiwa. Amana hiyo haipungui kwa sababu posho ya kikao ni kubwa.

Nimesema sana juu ya serikali, na msomaji wa Kariakoo au Ngamiani huenda anatikisa kichwa kwa kukubali. Basi nitazungumza ya kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya msikiti, katika mji mmoja wa kaskazini nisioutaja. Mfadhili alipatikana, akatoa fedha za kisima. Furaha ilikuwa kubwa. Mchimbaji akaja, maji yakatoka, matamu, ya baridi. Katika kikao cha mwisho binti mmoja wa madrasa yetu, aliyekuwa akisoma kemia chuoni, alipitisha karatasi kutoka upande wa wanawake akiomba maji yapimwe floraidi kabla ya watu kuyanywa. Karatasi ilisomwa kwa sauti. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye hoja nyingine. Mimi nilikuwepo, kalamu mkononi, na sikuandika.

Msomaji wa Arusha anajua floraidi ni nini hata kama halijui jina lake. Ndiyo inayofanya meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia, na ikizidi zaidi inapinda mifupa. Inatoka kwenye miamba ya volkano, milima ileile iliyotupa kreta. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, miaka ya 1970, iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu kama ingefuata cha dunia vijiji vingi vingebaki bila chanzo chochote. Baadaye ikashuka hadi 4, na katika miaka ya karibuni ndiyo tukafika 1.5. Kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimefanya kazi kwa miaka kutafuta namna ya kuiondoa, wakachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. (Sheikh mmoja alipoambiwa hilo swali lake la kwanza lilikuwa ng'ombe amechinjwa na nani. Lilikuwa swali la haki, likajibiwa.) Elimu ilikuwepo saa moja kwa gari kutoka msikitini kwetu, na nyingine ilikuwa imekaa nyuma ya pazia.

Watoto walioanza kunywa maji yale wakiwa wachanga sasa wameota meno ya ukubwani. Nawaona madrasa. Wanaposoma hawafungui vinywa sana, na wakicheka wanaweka kiganja.

Niliporudi kutoka Karatu niliomba kikao cha kamati mpya. Kisima cha pili kimeshachimbwa, upande wa chini, kwa michango ya waumini wenyewe. Yule binti sasa ni mama, ni mwalimu wa sekondari. Tulimwendea nyumbani, sisi watu wazima watatu, tukamwomba radhi, tukamwomba aje kikaoni akae mbele. Alikuja. Alituuliza sampuli tumechukua saa ngapi na chupa tuliisafisha na nini, tukatazamana. Akaichukua upya yeye mwenyewe. Maji hayo yako maabara tangu Jumatatu, na tumekubaliana kwamba bomba halitaunganishwa kabla ya majibu kurudi.